Kitindamimba wa Chumba cha Kufulia

Jumatatu, 1 Machi

Nimeanza kuandika kwa sababu katika nyumba hii lazima mtu mmoja akumbuke. Mama hakumbuki tena. Asubuhi ameniuliza kama nimekunywa chai wakati kikombe kiko mdomoni mwangu. Nikamwambia nakunywa. Akasema, "Unywe, mwanangu, usiende kazini na tumbo tupu," kisha akaniuliza tena kama nimekunywa chai.

Mwisho wa Mei nastaafu. Nimeandika maneno hayo ili niyaone kwa macho. Nimekunja mashuka ya hospitali tangu usichana wangu. Nikistaafu nitakaa nyumbani na mama, na nitalala mchana. Nikiulizwa ninataka nini duniani, jibu langu ni hilo tu: kulala mchana huku mvua inanyesha na hakuna anayeniita.

Alhamisi, 4 Machi

Mvua ya kwanza. Mashuka yalikuwa kambani nje, tukatoka kuyaanua mbio, kama zile zinaweza kuitwa mbio. Tukikimbia sote kwa pamoja, mtu aliye wodini anasikia magoti yetu yakilia.

Jumapili, 7 Machi

Binti yangu amepiga simu kutoka ng'ambo. Kazi yake huko ni kutunza wazee. Anamwogesha bibi mmoja, anamlisha, anamsomea, na bibi mwenyewe anamwita kwa jina la dada yake aliyekufa zamani. "Ananipenda, mama," ananiambia, "akiniona anacheka." Nikampa bibi yake aongee naye. Mama akashika simu kwa heshima kubwa, akasema amepokea salamu, kisha akaniuliza yule mtu mzuri hivyo ni nani.

Simlaumu mtoto. Huku alizunguka na vyeti vyake hadi soli za viatu zikaisha, na kule walimpokea uwanja wa ndege. Lakini nikikata simu huwa nafikiri: wazee wa kule wana vijana wa huku, na wazee wa huku wana sisi.

Jumatatu, 8 Machi

Mvua. Nieleze habari za watu wa kazini sasa, maana siku nikiwa kama mama nikisoma haya sitawajua.

Msimamizi wetu alifika umri wa kustaafu, akaongezewa mkataba, ukaisha, akaongezewa mwingine. Mkavu, hacheki. Ukimwomba ruhusa ya saa moja anakutazama kana kwamba umemwomba figo. Mchana hali chakula na sisi; anatoweka na kurudi anahema, na sisi tunasema anaenda kula peke yake asije akaombwa.

Sajenti anaendesha boila. Hajawahi kuwa askari hata siku moja. Jina limetokana na kupiga kelele, na anapiga kelele kwa sababu boila limemmaliza masikio.

Tarumbeta ndiye mwenzangu wa shuka. Shuka la hospitali halikunjwi na mtu mmoja. Mmoja anashika pembe mbili na mwingine pembe mbili, mnavuta ili linyooke, mnalipiga hewani mara moja, kisha mnatembea mpaka mnakutana katikati. Mama ndiye aliyetufundisha, kwa kuwa alikuwa hapo kabla yetu, enzi za kufua kwa mikono. Alikuwa akituimbisha kama watoto wa shule: "Vuta. Piga. Njoo." Tarumbeta huwaambia watu kwamba nimekutana naye mara nyingi kuliko nilivyokutana na marehemu mume wangu, na hulisema kwa ile sauti iliyompa jina, mpaka madaktari wanasikia.

Wa mwisho ni Kitindamimba. Ana miaka arobaini na sita. Tulimwita hivyo alipoingia, akiwa mdogo wetu, tukitarajia atakuja mwingine amvue hilo jina. Hakuja mwingine.

Jumamosi, 13 Machi

Mvua. Mgongo.

Jumatano, 17 Machi

Kitindamimba ameaga, anaacha kazi. Baba mkwe wake amepata kiharusi, upande mmoja umelala. Mume wake ana ndugu wanne, wanaume wote, na wote katika kikao walisema wana kazi.

"Na wewe huna kazi?" Tarumbeta akamuuliza.

"Ninayo, dada. Ila nadhani yangu haionekani kwa mbali."

Alikuwa akilia huku anakunja aproni yake. Aliikunja vizuri, pembe kwa pembe, akaiacha juu ya meza. Msimamizi akaja na kutuambia tusife moyo, kuvunjika kwa koleo si mwisho wa uhunzi.

"Koleo ni zima, bosi," Tarumbeta akamjibu. "Wahunzi ndio wameisha."

Jumatatu, 22 Machi

Mvua. Nimeendesha mashine ya Kitindamimba na kukunja pia. Nimerudi nyumbani nikamkuta mama amevaa gauni lake zuri, anangoja wageni. Nikamwambia hakuna wageni. Akasema, "Na wewe je?"

Jumatano, 24 Machi

Msimamizi ametukusanya. Makao makuu yametangaza kwamba kitengo chochote kitakachobaki na watu chini ya wanne kitafungwa, na kazi yake itapewa kampuni ya nje. Mkaguzi atakuja mwezi wa Mei kuhesabu vichwa. Tuko wanne. Mimi nikistaafu, ni watatu. Nikaona macho yote yamenigeukia, hata ya Sajenti ambaye nilikuwa na hakika hajasikia neno.

Baadaye Msimamizi akaniita pembeni. "Ongeza miaka miwili tu. Kila mwaka naomba vijana wawili, kila mwaka naambiwa subiri. Mkaguzi akija nitamwomba uso kwa uso. Nishikie mlango mpaka waje."

"Nina mama nyumbani."

"Si yuko na jirani?"

Ni kweli, mchana mama anakaa na Jirani, mjane wa nyumba ya pili, mtu mwema. Lakini Jirani mwenyewe ana miaka sabini, na wakati mwingine nikirudi naona wote wawili wamelala vitini na sufuria imeungua. Nikamwambia Msimamizi hapana. Nilisema hapana bila kupepesa, na nilijisikia vizuri mpaka nilipofika getini.

Ijumaa, 2 Aprili

Mvua haijakatika tangu juzi. Kamba zimejaa ndani, tunapita chini ya mashuka mabichi, maji yanatudondokea shingoni.

Leo nimegombana na Tarumbeta. Alianza kwa upole. Ile miaka aliyoacha kazi kumuuguza mumewe haikuhesabiwa, kwa hiyo bado miaka miwili apate pensheni kamili. Kampuni ya nje haiwezi kumchukua mwanamke wa miaka hamsini na minane. "Shoga, miwili tu. Utalala ukifa."

Nikamwambia ni rahisi kusema, mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi. Nikamwambia yeye akifika nyumbani anakuta kitanda, mimi nikifika naanza zamu nyingine. Akanyamaza. Tarumbeta akinyamaza hata mashine zinasikika tofauti. Tukaendelea kukunja bila neno, akawa anavuta shuka kwa nguvu mpaka mabega yananiuma, na mimi navuta kwa nguvu zaidi. Tulipokutana katikati hakuna aliyemtazama mwenzake.

Jumanne, 6 Aprili

Mvua. Bado hatusemeshani. Mashuka yamenyooka kuliko wakati wowote.

Jumatatu, 12 Aprili

Jirani ameteleza kwenye ngazi zilizolowa, amevunjika nyonga. Nilipomtembelea wodini alikuwa amelalia shuka nililolikunja mwenyewe. Alinishika mkono, akasema, "Nisamehe, mama yako nani atamwangalia?" Nikamwambia asijali. Akasema, "Na mimi je, nani?" Hana mtoto karibu. Nikamnyooshea shuka.

Jumanne, 13 Aprili

Nimeomba ruhusa, nimenyimwa. "Tuko wanne," Msimamizi alisema. Alilisema bila hata kuinua uso.

Jumatano, 14 Aprili

Nimemfungia mama ndani.

Nilimwachia chai kwenye chupa, mkate, redio. Nikafunga mlango kwa ufunguo nikaenda kazini, na siku nzima nilikuwa nikiukanda ule ufunguo mfukoni. Nikajisemea ni siku moja tu, watu wote wanafanya hivyo. Niliporudi nilikuta watu wamesimama mbele ya dirisha letu, wameshika miavuli. Mama alikuwa ameshikilia nondo za dirisha, nywele wazi, sauti imemkauka.

"Nifungulieni, jamani," alikuwa anawaambia. "Nimechelewa kazini. Watanikata mshahara."

Mwanamke mmoja akanitazama nilipotoa ufunguo. Ndani kulikuwa na mkojo sakafuni na mkate haukuguswa. Mama alinipita mlangoni kana kwamba mimi ni bawabu, akatoka mvuani pekupeku, ikabidi nimfuate na kumrudisha huku analia kwamba msimamizi wake ni mkali.

Nimempigia kelele. Nilimwambia, "Hakuna kazi, mama! Umezeeka! Kazi iliisha zamani!" Akaniangalia kwa hofu, akaniuliza mama yake yuko wapi, anataka kwenda kwa mama yake. Ndipo na mimi nikakaa sakafuni, palepale penye maji, nikalia. Namtaka mama yangu na mimi, naye yuko mbele yangu. Nimechoka. Nimechoka mpaka naona haya kuandika neno lenyewe, maana limezoeleka na halina nguvu tena.

Alhamisi, 15 Aprili

Nimekwenda naye kazini. Sikuwa na njia nyingine wala sikuomba idhini. Nilimvalisha, nikamfunika mwavuli, tukapita mlango wa nyuma wa boila. Sajenti alipomwona akavua kofia, akapiga kelele, "Shikamoo, mama!" Mama akaitikia bila wasiwasi, "Marahaba, baba, moto umeshika?" Ndivyo alivyokuwa akiuliza kila asubuhi miaka ile.

Nilidhani nitamkalisha pembeni na kumwomba Mungu amnyamazishe. Hakukaa. Aliitazama meza, akaiona aproni ya Kitindamimba bado iko pale ilipoachwa, akaivaa akafunga nyuma mwenyewe. Mama ambaye nyumbani hajui kufunga kifungo. Kisha akaanza kukunja foronya. Alizikunja pembe kwa pembe, akazipanga mikunjo ikiangalia upande mmoja, akaanza kuimba kwa sauti ya chini. Nilikuwa sijamsikia akiimba kwa muda mrefu sana.

Tarumbeta akaja kusimama kando yangu. Siku zote hizi tulikuwa hatusemeshani. Akasema, "Huyu ndiye aliyenichapa kidole kwa kukunja shuka upandeupande," akaanza kucheka, kisha hakuwa anacheka tena. Akanikumbatia. Basi yakaisha.

Msimamizi akaingia. Nikajiweka tayari kufukuzwa. Alimtazama mama, akasema tu, "Asikaribie mashine za moto," akaondoka zake. Nikamfuata nje kumshukuru. Alikuwa anavaa koti la mvua, maana ni saa ya chakula cha mchana.

"Usinishukuru," alisema. "Wangu hawezi kutoka kitandani, la sivyo ningemleta na yeye." Mkewe. Amelala mwaka wa tatu. Kila mchana anakimbia nyumbani kumlisha na kumgeuza, anarudi na njaa yake. Na sisi hapa tumemsema bahili mpaka midomo imetuchoka.

Jumatano, 21 Aprili

Mvua. Mama amekunja foronya zote, alipomaliza tukazikunjua kwa siri tukampa tena.

Jumapili, 25 Aprili

Binti amepiga simu. Bibi wa kule amefariki. Alilia sana, nami nikamtuliza. Ameshapewa mzee mwingine, anaanza kesho.

Alhamisi, 29 Aprili

Mama leo ameamka na hasira. Alikataa kutoka nyumbani, akanikwaruza mkono, akaniita mwizi. Tukafika kazini tumechelewa na tumelowa. Akavaa aproni, akatulia. Mimi ndiye niliyebaki na hasira hadi jioni.

Jumatatu, 3 Mei

Mvua inapungua lakini haikati. Nimemwambia Msimamizi msimamo wangu uko palepale. Aliitikia kwa kichwa taratibu, hakunibembeleza, na hilo limeniuma zaidi.

Jumatatu, 10 Mei

Mkaguzi amekuja. Naandika yote maana kesho sitaamini.

Tulikuwa tumemtarajia kijana wa suti na kompyuta. Akaingia mzee mwenye fimbo, miwani imefungwa kamba shingoni, amelowa hadi magotini. Akasimama mlangoni kuvuta pumzi. Mama ndiye aliyekuwa karibu, mezani kwake, na foronya zake. Mkaguzi akainama kidogo akasema, "Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Futa miguu."

Akafuta miguu. Msimamizi akamzungusha: mashine, boila, kamba zetu za ndani. Akaeleza habari ya vijana wawili, akaieleza vizuri, kwa adabu, hata mimi nikaguswa. Mkaguzi alikuwa anaandika na kuitikia "naam, naam." Kisha akahesabu. Msimamizi, mmoja. Sajenti, wawili. Tarumbeta, watatu. Akafika kwangu.

"Wewe unastaafu mwisho wa mwezi. Anayestaafu hahesabiwi." Akavua miwani. "Basi ninyi ni watatu. Poleni sana."

Nilimwona Tarumbeta anafumba macho, nikajiambia moyoni, sema, sema kwamba utaongeza miwili, neno moja tu. Mdomo ukafunguka ila haukutoa kitu. Nilikuwa nafikiria kitanda changu, Mungu anisamehe, na mvua juu ya bati.

Mkaguzi akaelekeza fimbo mezani. "Na yule?"

"Yule?" Tarumbeta akafumbua macho. "Yule si ndiye mfanyakazi wetu mpya! Yuko kwenye majaribio, bado hajaanza kulipwa."

Nilitaka ardhi inimeze. Msimamizi akainamia viatu vyake. Mkaguzi akatembea taratibu hadi mezani, akakaa kwenye kiti mbele ya mama, akafungua karatasi.

"Una miaka mingapi?"

Mama hakuinua hata uso kutoka kwenye foronya. "Ishirini na miwili. Na nimeolewa, kwa hiyo usinizoee."

Mzee wa watu akamtazama. Akaziangalia foronya zilizopangwa. Akatutazama sisi mmoja mmoja, mvi kwa mvi, akamaliza na Sajenti aliyekuwa anatabasamu kwa sababu hakusikia lolote.

"Mimi nilistaafu mwaka juzi," alisema. "Nilipanda mboga. Wakanifuata nyumbani, ofisi nzima hakuna wa kuzunguka. Nina miadi ya daktari wiki hii kwa ajili ya goti hili." Akavaa miwani. "Utaratibu unasema umri naandika ninaotajiwa na mfanyakazi mwenyewe. Ishirini na miwili. Jumla wanne."

Akaandika. Alipoondoka alimuaga mama kwa mikono miwili, naye mama akamwambia afunge mlango, vumbi linaingia. Mvua ya namna ile, vumbi. Tulivumilia mpaka tukasikia gari limeondoka, kisha tukacheka mpaka Tarumbeta akakaa kwenye kapu la nguo chafu. Ikabidi Msimamizi amweleze Sajenti kwa kupaza sauti, na yeye akicheka, machozi yanamtoka. Sijawahi kumwona Msimamizi anacheka. Ana pengo.

Jumanne, 11 Mei

Mama sasa anaitwa Kitindamimba. Anaitika.

Ijumaa, 21 Mei

Njia ya mwongo ni fupi.

Msimamizi amepigiwa simu kutoka makao makuu. Kitengo hakifungwi. Wamefurahi sana, aliambiwa, kwamba sisi tumeweza kupata damu changa wakati vitengo vingine vinalia. Kwa sababu hiyo, ombi la wafanyakazi wawili limekataliwa. Watapelekwa kwingine kwenye shida zaidi. Na kustaafu kwangu kumekubaliwa bila kipingamizi, kwa kuwa nafasi yangu tayari ina mtu.

Alilirudia mara mbili kwa sababu hatukuelewa mara ya kwanza. Nafasi yangu ina mtu. Nimefanya kazi maisha yangu yote, na aliyechukua nafasi yangu ni mama yangu.

"Nilisema tu, lilinitoka mdomoni," Tarumbeta alikuwa anasema. "Nilisema tu." Hakuna aliyemlaumu. Kila mmoja alikuwa na nafasi ya kumsahihisha, na kila mmoja alinyamaza kwa sababu yake. Mimi yangu naijua.

Msimamizi aliondoka kwenda kumlisha mkewe, na safari hii hakukimbia.

Jumatano, 26 Mei

Manyunyu tu. Nimefikiri hivi: mama akibaki nyumbani na mimi, wao ni watatu, siku yoyote mtu wa makao makuu akipita wamekwisha. Nikimleta, lazima nikae naye, maana hajui choo kiko wapi. Na nikikaa naye, nitakaaje nikimtazama Tarumbeta amesimama peke yake na shuka mkononi? Nimeligeuza huku na huku. Halina upande mzuri.

Ijumaa, 28 Mei

Siku yangu ya mwisho. Wamenipa soda na keki, na Sajenti akatoa hotuba iliyosikika mpaka wodi ya wazazi. Tarumbeta akasema hatasema kitu, akasema kwa nusu saa. Mama alikula keki vipande viwili, akaniuliza ni nani anayeondoka. Nikamwambia ni mwanamke mmoja mzee wa hapa. "Maskini," akasema. "Atapumzika sasa."

Jumamosi, 29 Mei

Jua kali. Mvua imekwisha, kana kwamba ilikuwa inaningoja mimi nistaafu ndipo iondoke. Nilijilaza mchana. Sikupata usingizi. Mama alikuwa akija mlangoni kuniuliza kama nimekunywa chai.

Jumatatu, 31 Mei

Sikuwa nimekata shauri. Naliandika hili kwa sababu ni kweli. Niliamka nikiwa sijui. Nikamkuta mama ameshavaa, amekaa kwenye kiti cha mlangoni na aproni magotini, anasubiri. "Twende," aliniambia, "wasije wakanikata." Nikafungua mlango.

Mashuka yalikuwa nje kambani kwa mara ya kwanza tangu Machi. Ua lote jeupe, huwezi kulitazama. Tarumbeta alikuwa anahangaika na shuka peke yake, ameshikilia pembe mbili kwa kidevu. Aliponiona hakupiga kelele. Alisema tu, "Umekuja," nami nikamwambia nimemsindikiza mfanyakazi wenu. Nikakaa? Wapi. Kabla jua halijapanda nilikuwa nimeshakunja rundo zima naye, bure, mstaafu mzima, mgongo unawaka.

Tarumbeta akaenda kunywa maji. Shuka lililofuata nikalianua peke yangu, na nikahisi limenyanyuka upande wa pili. Mama alikuwa ameshika pembe zake mbili. Hakuniuliza. Jua lilikuwa usoni mwake.

"Vuta," akasema. Tukavuta. "Piga." Tukapiga, likatoa ule mlio. "Njoo."

Nikaenda na yeye akaja. Tulipokutana katikati alizichukua pembe kutoka mikononi mwangu, kisha akasita. Aliniangalia kichwani kwenye mvi, akaniangalia macho, na mikono yangu. Akapiga magoti kidogo kama walivyofundishwa wasichana wa zamani.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba," nikasema. "Marahaba, mwanangu."

"Umechoka, mama," akaniambia. Msimu mzima kila mtu ameniomba niongeze, nishike, nisubiri. "Kaa pale kivulini upumzike. Hii kazi tuachie. Sisi vijana tupo."

Akalibeba shuka kifuani, akaenda nalo mezani kwa hatua zake ndogo. Nikakaa.